Mjane Amepatikana, Naye Ni Mama

Alhamisi. Mvua imeanza saa nane mchana kama kawaida ya Kakamega, na mpaka sasa haijaonyesha nia ya kuacha. Nimekaa jikoni kwa Mama, Malava, naandika kwa simu.

Nimekosa kazi, shajara. Nakwambia mapema nisikuzungushe.

Kwa asiyejua: mama yangu ndiye Mama Kizito. Ndiyo, yule mama mkwe mkorofi wa kwenye televisheni, aliyewatesa wakaza wana watatu huku nchi nzima ikicheka kila Jumapili. Kipindi kiliisha zamani na hakuna aliyempigia simu tena, lakini akienda sokoni kununua mboga, watu bado humwomba acheke kile kicheko. Naye hucheka. Hajawahi kukataa.

Mimi pia ni mwigizaji. Miaka kumi na mmoja nimezunguka na kikundi chetu shule za upili za huku kwetu, tukiwaigizia wanafunzi vitabu vyao vya mtihani: asubuhi Mautuma, mchana kwingine, ukumbi unanuka maharagwe na mfalme amevaa pazia. Naipenda kazi hiyo, sitadanganya. Lakini kila shule ina mwalimu mmoja atakayesimama na kunitambulisha, "Huyu ni mtoto wa Mama Kizito," na hapo nimekwisha. Hata nikilia machozi ya kweli jukwaani, watoto wanasubiri nicheke.

Basi filamu hii ilipotangazwa, nilijiandikisha kwa jina la ukoo wa baba na nikanyamaza. Itapigwa Buyangu, kando ya msitu, na mhusika mkuu ni mjane kijana ambaye mashemeji hawataki amzike mumewe. Nikapita majaribio ya kwanza. Nikapita ya pili. Mama sikumwambia neno, maana namjua: angeanza kuwapigia simu watu wake wa zamani, na hata nikipata, ningebaki najiuliza. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Maneno ya mjane niliyasema nikifua, nikioga, nikipalilia mahindi.

Halafu nikafanya kosa la Kiluhya.

Jumamosi mwelekezi wa filamu alinipigia. Walikuwa Malava, yeye na msaidizi wake, wanatafuta nyumba ya kupigia picha, akaona anisalimie tu kwa kuwa wanapita. Mtu mwenye akili angesema safari njema. Mimi nilisikia kwamba wageni wanapita, na mdomo ukajibu wenyewe: haiwezekani, njooni mle kuku. Mtu atoke Nairobi, apite mlangoni kwetu, aende kula chipsi barabarani? Ningeficha wapi uso? Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kuku wa nyumba hii hupikwa na nani.

Nilijaribu. Nilimwambia Mama kwamba ni watu wa utafiti, apike tu kisha apumzike, mimi nitawahudumia. Hakunielewa. Mwanamke amechinja jogoo, amesonga obusuma, ugali wetu, halafu ajifiche jikoni? Alitoka na birika na beseni ili awanawishe, akasema, "Karibuni sana, baba. Kwetu hapa mgeni hatokangi na njaa."

Mwelekezi alisimama, mikono ikidondosha maji. Aliijua sauti kabla ya sura. "Huyu ni mama yako?" akaniuliza, na hilo ndilo swali la mwisho nililoulizwa siku hiyo. Walikula, wakacheka, wakapiga picha na Mama, wakachukua namba yake. Mimi niliondoa sahani.

Jana akanipigia, sauti tamu. Wameamua kumwongezea mjane umri. Mjane atakuwa Mama. Nami nisijali, kuna jirani anayemshika mjane asitumbukie kaburini, nafasi nzuri sana, ataonekana muda mrefu. Nikamuuliza kama huyo jirani anasema chochote. Hasemi.

Nilishapanga jinsi ya kukataa. Nikaingia chumbani kwa Mama kumweleza kila kitu, nikamkuta amekaa kitandani, simu kaishika kwa mikono miwili, analia. "Nafula, wamenikumbuka," akasema. "Mimi nilifikirianga hao watu wa picha walinisahau kabisa."

Hajui. Hajui kama niliwahi hata kuomba; siku ile ya kuku hakuna aliyetaja majaribio. Nikatoka.

Namwonea mama yangu wivu. Haya, nimeandika. Mwanamke wa miaka sitini na minane, magoti mabovu, na nina hasira naye kwa kosa la kunawisha wageni mikono. Nina hasira zaidi na mimi, niliyewaalika.

Leo skripti imefika. Macho ya Mama hayawezi tena herufi ndogo, kwa hiyo ameniomba nimsomee mstari mmoja mmoja naye arudie. Karatasi sikuihitaji, lakini niliishika. Tukafika pale kaburini, mjane anapowaambia mashemeji wamwache amfunike mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Mimi hapo hupaza sauti. Kwenye majaribio nilipaza sauti na wote wakapiga makofi.

Mama hakupaza. Aliyasema taratibu, kama anayemwomba mtu amsogezee kiti.

Tangu hapo natafuta kosa lake, hata dogo la kujiliwaza, na sijaliona. Miaka kumi na mmoja jukwaani, na haikuwahi kunijia akilini kwamba maneno yale yanaweza kusemwa hivyo.

Akaniuliza amekosea wapi. Nikamwambia hajakosea, siku ya kupiga picha aseme hivyo hivyo, nami nitakuwa nyuma yake nimemshika.