Vyumba Viwili vya Rhotia

Jumatatu, 7 Juni 1999
Karatu. Baridi, vumbi, umeme hakuna tangu asubuhi. Habari ya bei ya maharage nimeituma. Mchana kwa ofisa ustawi. Fedha ya serikali ya kuwapangia wakimbizi nyumba za kudumu bado ipo. Isipotumika hadi tarehe 30, inarudi Hazina. Amebaki na familia moja: Speransia, mjane kutoka Burundi, na wanawe wawili, binti Adela na kichanga. Wanalala kwenye ghala la mahindi la kanisa, Rhotia. Panya.

Alhamisi, 10 Juni
Rhotia. Mama Bura, mkulima, Mwiraqw wa hapa, atawapangisha vyumba viwili vya uani. Bati, sakafu ya saruji. Wanahamia Jumatatu. "Kwangu hakuna panya, mwanangu. Kuna mbuzi, nao wanakoroma." Speransia amecheka. Mara ya kwanza kumwona akicheka.

Jumapili, 13 Juni
Kichanga amefariki. Homa ya mapafu. Nimehudhuria maziko.

Jumatatu, 14 Juni
Hawakuhama. Mila ya hapa: mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya hukaa pembeni, msiba wake usiwafikie wajawazito. Haingii nyumba ya mtu mpaka wazee wamruhusu. Wote ni Wakristo. Mila iko palepale. Majirani wanamwachia maziwa na ugali njiani, kisha wanaondoka. Nimemweleza Speransia. Kasema kwao pia mfiwa hukaa ndani, lakini wanawake huja.
Mama Bura: "Simfukuzi. Nami nilikaa hivyo nilipofiwa. Mkamwana wangu ni mjamzito, mwandishi. Nifanyeje?"


Jumanne, 22 Juni
Nimemwomba ofisa alipe kodi sasa, mama ahamie baadaye. Hawezi. Mpangaji awe ndani kwanza, ndipo mwenye nyumba alipwe. "Mwaka wa serikali hausubiri matanga, kaka." Hakusema kwa ubaya. Nimemchukia hata hivyo.

Jumatano, 30 Juni
Fedha imerudi. Nimeandika aya nne. Mhariri anataka mbili.

Jumamosi, 3 Julai
Mama Bura amempangisha vyumba vile dereva wa watalii kutoka Moshi. Mama ana karo za wajukuu za kulipa. Simlaumu.

Jumapili, 18 Julai
Wazee wamemruhusu Speransia. Nyumba ya kwanza kuingia ni ya Mama Bura. Wanawake wamempa kiti chenye mto, chai ya maziwa. Kila mmoja amemshika mikono, wengine wamelia. Uani redio ya dereva ilikuwa inasoma matokeo ya mpira. Speransia amekunywa vikombe viwili, ameshukuru, amemwamsha Adela. Wamerudi ghalani.