Kanyumba ya mama, mulango upande mubaya

Saio, hapa Bunia, siku ya posho, ni kusema jumamosi, muchana. Mawingu meusi imejaa upande ya kiwanja cha ndege, upepo hakuna, na roho yangu haiko mu fasi yake.

Shajara, ninakuandikia nikiwa jikoni, telefone mu mukono, na nyundo inapiga ukuta huku nyuma. Puu. Puu. Ni ukuta ya annexe yangu mupya, ile kanyumba yenye tumemujengea mama yangu mu parcelle yetu, uwanja moja na nyumba kubwa, ile yenye nilisifia hapa mpaka wasomaji wengine wakaniandikia kwamba sasa inatosha.

Leo tunaibomoa.

Siyo yote. Lakini kila nyundo ikipiga, ninasikia ni kama yote.

Kwa wenye wanafika hapa mara ya kwanza: mimi ni Mama Inno, na watoto wangu ni watoto wazuri, sioni haya kusema. Grâce, mwenye anasoma chuo kikuu, njo alinifungulia huu ukurasa wa internet na kunifundisha kuandika na kidole moja. Inno, mukubwa wao, ni soudeur, fundi wa kuunga chuma. Kama umepita Bunia na ukaona barrière, lango ya chuma, yenye ilikufanya usimamishe motard wa pikipiki ili uangalie, uliza tu. Itakuwa kazi yake.

Mama yangu alikuwa anakaa Iga Barrière, mbali na muji, na miezi hii ya mwisho alibakia peke yake. Majirani walihama mumoja mumoja, kwa sababu usalama hakuna. Mwenye alikuwa anamuchotea maji naye akaondoka. Kila mara telefone inalia na namba ya huko, ninakaa kwanza chini mbele ya kujibu.

Njo maana tulisema atakuja kwetu. Lakini mu nyumba yake mwenyewe. Kwetu, mama mukwe hawezi kulala chini ya manjanja moja, bati moja, na mume ya binti yake. Hakuli mbele yake. Hamuangalii mu macho, na haangalii fasi yenye anaogea wala fasi yenye analala. Mu muji wengi wameacha hiyo desturi. Mama yangu hajaacha kitu.

Basi tukajenga. Chumba moja, kasalon, douche yake, kabaraza ya kuchambulia majani ya sombe. Matofali ya kuchoma, hakuna hata moja ya udongo mubichi. Na mulango, shajara, mulango. Inno alikunja fito za chuma mpaka ikatoka ngombe muzima, amesimama na pembe zake, kwa sababu koko yake, mama yangu, alikomalia mu ngombe. Akaipaka rangi ya bulu. Nilileta wamama wote wa korale ya kanisa kuiangalia. Wengine niliwaleta mara mbili.

Sasa, ile siku masoni, fundi wa matofali, aliniuliza mulango iangalie wapi. Baba Inno, mume wangu, ni mwalimu, alikuwa mu darasa. Sikumungojea. Nikasema, weka hapa mbele, mutu akiingia tu ku barrière aione ile ngombe.

Mbele ya hiyo mulango, hatua chache tu, njo mulango ya nyumba kubwa. Pembeni yake njo douche, fasi Baba Inno anatokaka asubuhi na taulo ku kiuno.

Sikuiona. Ninapita hapo kila siku, na sikuiona.

Baba Inno aliiona jioni. Aliniuliza tu, "Mama Inno, umeangalia vizuri?" Nikafikiri ni wivu, kwa sababu nyumba yake haina ngombe.

Asubuhi hii mama akafika juu ya moto, pikipiki ya motard, na mufuko ya maharagi na kikwembe, kitenge yenye ninajua anavalia sikukuu. Aliingia ku barrière na kichwa chini. Mimi nilikuwa ninaongea tayari, ninamuonyesha na mukono, mama angalia, mama angalia. Akainua macho mara moja. Na Baba Inno alikuwa amesimama ku mulango ya salon na kravate, anangojea kumupokea. Alirudi ndani mbio akajigonga goti ku meza.

Mama akavuta kikwembe mbele ya uso, akageuka, akatoka. Nikamukuta inje amekaa juu ya mufuko ya maharagi, mugongo kwetu.

"Véro," akasema bila kunigeukia, "kila asubuhi nikifungua mulango, nitakuwa naangalia nini?"

"Mama, hapa ni Bunia. Batu banakulaka na babokilo, bakwe yao, ku meza moja."

"Bakule. Miye nitarudia Iga."

Motard alikuwa bado anakunywa maji yenye Grâce alimupatia. Mama akamuita, "Papa, kesho asubuhi unanirudisha." Yule kijana akaniangalia mimi, akaangalia mama. "Sawa, koko," akasema. Angejibu nini tena?

Hiyo barabara, wiki hii, hata wafanyabiashara wenye kuizoea wanaulizana kwanza kabla ya kuondoka.

Mama Furaha, jirani yetu wa nyuma, alikuja kumuchukua. Ni mujane, kwake hakuna mwanaume wa kuogopea. Mama akakubali chai. Akakaa upande wa pili ya lupango, uzio ya matete, na Baba Inno akaja kusimama upande yetu, nyuma ya nyumba, fasi hawawezi kuonana. Kwa sababu bokilo hasemi na bokilo wake moja kwa moja, nikasimama katikati, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Mama Inno, ambia mama tutaweka pazia."

Mama alikuwa anasikia kila neno. Hata hivyo alingojea nirudie. Nikarudia.

"Ambia bokilo, pazia inafunuliwa na upepo."

"Ambia mama, mimi nitakuwa natoka nyumbani mbele ya jua."

"Ambia bokilo, hii nyumba ni yake. Mutu hatoke kwake kama mwizi kwa sababu yangu."

Mama Furaha akacheka kidogo mu kikombe yake. Mimi nilitamani kulia. Wote wawili walikuwa na heshima mingi, na hiyo heshima njo ilikuwa inamupandisha mama yangu ku moto.

Baba Inno akaacha matete. Akazunguka annexe polepole, mikono nyuma, vile anafanyaka akisahihisha watoto. Akagonga ukuta ya nyuma, chini ya dirisha. Akaniambia, pale juu ya hiyo dirisha, simenti ya kubeba ukuta iko tayari. Tukikata matofali za chini, mulango itaingia hapo. Dirisha itaenda fasi ya mulango, juu, na tutaweka kioo yenye haionyeshi. Mama atakuwa anatoka kwa upande wa Mama Furaha, hataona kwetu hata kidogo.

Upande ya nyuma kuko nini? Lupango ya matete, migomba mitatu, na fasi tunatupaka majivu. Nani ataona ngombe ya Inno huko?

Nilisema hapana.

Ninaandika hii kwa sababu Grâce anasema shajara ya uongo haina kazi. Mama yangu alikuwa anataka kurudi fasi yenye hakuna mutu, na mimi nilikuwa ninafikiri wamama wa korale.

Baba Inno hakunigombeza. Aliuliza tu, polepole ili mama asisikie, "Kesho motard akifika, weye njo utamufungia mama mizigo ku moto?"

Nikaenda kutafuta nyundo. Nilimupatia mu mukono, kisha nikamupigia Inno telefone. Alifika na vyombo vyake, na nilikuwa na maneno mingi ya kumuomba radhi, lakini alisema, "Mama, ngombe haijali inasimama wapi," akaanza kuitoa mu simenti.

Njo hii kelele mu masikio yangu sasa. Baba Inno iko ndani, yeye mwenyewe anapiga, kravate ametupa ku dirisha. Anasema acha yeye aingie leo vizuri, aione hii nyumba, kwa sababu mama akiingia, yeye hatakanyaga tena humo.

Annexe iko na matundu mawili sasa, moja mbele, moja nyuma. Mawingu imeshuka. Mvua ikinyesha kabla hawajafunga, simenti yote itaenda. Mama hajasema kama inamufurahisha. Iko upande wa pili ya matete anachambua maharagi na Mama Furaha, na nyundo ikipiga ninaona mu katundu ya matete kidole yake inasimama kidogo, kisha inaendelea.

Nikiandika "nitamulazimisha abakie," nitakuwa ninadanganya. Hakuna mutu amemulazimisha yule mama kitu.

*

Jioni. Mvua iliangusha matone tu, ikaenda kwa wengine. Asante Mungu.

Mulango imesimama nyuma, imeegemezwa na mbao, simenti bado mubichi. Fasi ya zamani tumeifunika na manjanja. Si muzuri kuangalia. Baba Inno alikusanya vyombo, akajifungia mu nyumba kubwa, na Mama Furaha akafungua matete kidogo ili mama apite bila kukanyaga uwanja yetu.

Mama akasimama mbele ya ile ngombe. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika mikono yangu mwenyewe. Akapitisha kidole ku mugongo ya chuma, ku shingo, ku pembe. Akarudia pembe.

"Hizi pembe ni fupi," akasema.

Inno, mwenye watu wanatoka mbali kumutafuta, akainama kama mwanafunzi. "Nitaongeza, koko."

"Siku gani?"

"Siku ya kwanza, kesho kutwa."

"Nitaona."

Akaomba waingize mufuko yake ya maharagi ndani.

Hakusema anabakia. Sikumuuliza. Nilinyamaza, na wenye wananijua wanajua hiyo kwangu ni kazi kubwa kupita kubomoa ukuta. Sasa mwanga yake inaonekana kidogo chini ya manjanja, na yeye haoni kwetu. Baba Inno anakula polepole, anakanda goti lake, na anaongea sauti ya chini mu nyumba yake mwenyewe.

Motard atakuja asubuhi, alisema atakuja. Nitaamuka mbele yake, nitamungojea mbali ku barabara na chai ya maziwa, ili moto yake isilie karibu na usingizi ya mama yangu. Kama atabadilisha mawazo usiku, nitajua kesho. Leo maharagi iko ndani.

Na ninyi wamama wa korale, kama munataka kuona ngombe, haiko tena mbele. Muzunguke kwa Mama Furaha. Mubishe hodi kwanza, kwa sababu hapo ni kwa mutu.