Elfu Mia Moja na Moja

Wafula ndugu yangu,

Ni mimi, Mutiso. Najua umeshangaa kuona nimeshika kalamu, maana nilizoea kukwambia kuandika ni kazi ya watu wasioweza kubeba namba kichwani. Si mimi niliyejumlisha namba za mabehewa ya treni ya mizigo ikiwa mbioni, dereva akapiga honi kunipongeza? Hiyo hukuikubali hata siku moja.

Hapa Mbotela benchi letu la kwa Mama Atieno, muuza chai, bado lipo. Upande wako naweka kofia, watu wasikae.

Juzi binti yako Nekesa alipita kunisalimia. Akaniuliza, "Anko, kwani wewe na Baba mlikosana nini?"

Nikamwambia ukweli. Namba. Siku ile ulikuja unatabasamu, ukasema umepata namba ya ajabu: elfu mia moja na moja. Eti inagawanyika kwa kumi na moja bila kubakisha kitu, na inasomeka vilevile kutoka mbele na kutoka nyuma. Nikacheka mpaka chai ikanitoka puani. "Sikieni huyu! Ina sifuri tatu mkiani, ukiigeuza itasomekaje?" Kibanda kizima kikacheka. Ukaomba kipande cha karatasi. Nikakwambia karatasi ni za watoto wa nasari. Ukainuka, chai yako ukaiacha nusu.

Tangu hapo ikawa "salama?" "salama," basi, mpaka nikakukuta kanisani ndani ya sanduku.

Nekesa akanitazama. "Anko, ni laki moja na moja, au laki moja na elfu moja?"

Wafula! Mdomoni zote mbili ni elfu mia moja na moja! Wewe ulisema ile ya kwanza, mimi nikasikia hii ya pili. Msichana akaiandika yako mavumbini kwa kijiti: moja, sifuri nne, moja. Uitazame kutoka huku au kule, ni ile ile. Akaikata mafungu kumi na moja, kila fungu elfu tisa na tisini na moja, na hiyo nayo, akasema, haigawanyiki tena ila kwa moja na kwa yenyewe. Halafu akaijaribu yangu. Ikabakisha tisa.

Kumbe tulikuwa sahihi sote wawili, ndugu yangu, na kati yetu nimebaki mimi tu kulijua hilo. Neno "laki" lingetosha. Laki tu! Kila mchuuzi wa soko la Gikomba analo, nami nikaona ni afadhali kucheka kuliko kuuliza.

Pumzika, Wafula. Nakuahidi Jumapili, tukitoka ibadani, nitasimama pale kibandani mbele ya wale wale waliocheka, niseme: Wafula alikuwa sahihi. Nimejaribu kulisema peke yangu nyumbani, nikaishia kwenye jina lako. Lakini litatoka.

Nitaongeza tu kwamba hata mimi sikukosea. Hilo usininyime.

Mutiso wako