Ngao Uliyoiacha Kivukoni

Kasulu, kiangazi cha 2015

Mwalimu Shabani,

Naanza na salamu, maana nikianza na jambo lingine utanikatiza. Amahoro, Mwalimu, amani kwa Kirundi chetu. Na mwidiwe, kama wasemavyo wenyeji wetu Waha, pamoja na makofi yale ya polepole ambayo miaka kumi na tano ya kufundisha Kibondo haikutosha kukufundisha. Ulikuwa unapiga kama mtu wa Tanga aliyeona ngoma. Wazee sokoni walikucheka, nawe ukacheka kuliko wao.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto ni lile lile. Binti yangu ananilisha vizuri hapa Kasulu, na macho bado yanasoma, ingawa kitabu nakiweka mbali kidogo kila mwaka.

Nakuandikia kuhusu kompyuta ya maktaba ya shule yetu Kibondo. Binti yako Mwanaidi alinipigia simu kutoka Tanga. "Shikamoo Baba Mkubwa," akasema. "Nimesikia shule imepata kompyuta mpya. Ile ya zamani wanaiondoa Ijumaa." Ndani ya mashine ile ndimo ilimokuwa safari yetu ya miaka sita, mchezo wetu wa kompyuta, haijafika mwisho. Nakala nyingine haikuwepo popote. Ikiondolewa, imeondoka na wasafiri wetu wote wanne.

Lakini nitakuwa mwongo nikikuficha kwamba wakati huo nilikuwa nimekwisha kuanza mchezo mwingine. Nikueleze huo kwanza, usije ukausikia kwa watu.

Ulipofariki, nilifika Kibondo siku mbili baada ya kuzikwa kwako, maana mvua ilikuwa imekata barabara. Nilirudi huku Kasulu na huzuni yangu. Mwanaidi akaniona nazama, akanifungulia mlango kwenye gemu lake la mtandaoni, lile la maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Yeye anacheza akiwa Tanga akitoka zamu ya hospitali. Mimi naenda kwenye kafe ya intaneti karibu na soko, Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo. Tunakutana humo. Binti wa miaka ishirini na minane na mzee kama mimi, tunatembea pamoja kwenye nchi ambayo haipo.

Siku ya kwanza nilifanya jambo ambalo ungelihadithia kwenye ofisi ya walimu mwaka mzima. Mchezo unakuweka nje ya mji, mbele ya lango lenye askari. Nikasimama. Watu wakanipita wakikimbia, wengine wamepanda mbuni, mmoja amevaa kichwa cha samaki. Mimi nimesimama pembeni ya lango, sisogei. Baada ya saa nzima Mwanaidi akapiga simu: "Baba Mkubwa, mbona hujaingia?" Nikamwambia nasubiri kuandikwa, kama wakimbizi wanavyoandikwa. Halafu akasema taratibu, "Huku hawaandiki mtu. Ingia tu."

Niliingia, Mwalimu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha kafe, macho yana maji, na mwenye kafe akaniuliza kama kioo kinaumiza macho. Nikamwambia ndiyo.

Ni mchezo mzuri. Nausifu kabla ya kuusema. Majani yanatikisika kwa upepo. Mvua ikinyesha, nguo za watu zinalowa. Katika mchezo wetu mti ulikuwa vidoti kumi na viwili vya kijani, na ulisema tuutazame tuseme ni mti gani, tukabishana jioni nzima kama ni mwembe au ni msufi. Kule hakuna cha kubishania. Mti ni mti.

Na wema upo. Nilishambuliwa na mbwa mwitu nikaanguka, na mtu nisiyemjua akaja akaniinua, akaenda zake bila kuniuliza nimetoka wapi wala nina karatasi gani. Mara nyingine nikagundua kuna amri ya kumfanya mtu wako apige makofi. Nikakaa njiani nikawa nawasalimia wapitao, kwa Kiha, polepole na kwa kuinama. Wengi walipita. Mmoja, mwenye mabawa mgongoni, alisimama, akachuchumaa, akanijibu makofi yote sawasawa. Sikumwona tena. Pengine ni Muha wa Buhigwe aliyeko Dar es Salaam. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kama sina goti.

Sasa niuseme. Mzee wa kijiji kimoja aliniambia kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikisubiriwa tangu enzi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu thelathini wanaosubiri kuambiwa maneno hayo hayo. Ukipewa kazi, mshale unatokea juu ya kichwa chako kukuonyesha pa kwenda, kwa hiyo hakuna anayesoma maelezo, na hakuna anayeuliza njia. Unakumbuka sheria yako? "Usipite mtu bila kumsalimia." Katika mchezo wetu sheria hiyo ilikuwa ndiyo dira. Yule kikongwe wa kisimani, tulipomsalimia mara ya tatu, ndiye aliyetuambia mapango yana mlango wa pili. Wewe ukisoma Kiingereza kwa sauti, mimi nina kamusi magotini, na daftari lako la hesabu limejaa ramani.

Na jambo kubwa kuliko yote: kule mfuko hauna uzito. Unaweza kubeba majembe mia, ngozi za simba na jiko la chuma, na bado ukakimbia kama swala. Kitu ukikiweka chini kinayeyuka. Hukiachi mahali, unakifuta tu. Mwanaidi alidhani nitafurahi. "Sasa Baba Mkubwa, beba unavyotaka," aliniambia. Anaijua hadithi ya Mpagazi, maana ulimsimulia.

Mpagazi. Wewe ndiye uliyempa mtu wangu jina hilo. Wako ulimwita Kibatari, kwa sababu alikuwa mdogo na alitangulia gizani. Wale wengine wawili, mganga na mpiga upinde, walikuja na mchezo wenyewe. Kibatari alivaa deraya ya chuma na kushika ngao, akawa mbele ya vita zote. Mpagazi wangu alibeba masufuria. Kila nyumba tuliyoingia, kikiwepo chombo cha kupikia, nilikichukua. Blanketi nilichukua. Mkate mkavu nilichukua. Sikuuza, sikutupa. Ukawa unaniuliza, "Mzee, unasafiri au unahama?"

Hukuuliza kwa ubaya. Ulikuwa hujajua. Ndipo nikakusimulia Mto Malagarasi: tulivyovuka usiku kutoka Burundi nikiwa kijana, na mama akaacha sufuria ukingoni kwa sababu mtumbwi ulikuwa umezidi. Watu wa huku walitupokea na mihogo na maharage, na hatukuwa na cha kupikia. Kwa wiki kadhaa mama alisubiri wengine wamalize kula ndipo aazime. Hakulalamikia njaa. Alilalamikia kuazima. Tangu hapo, nikakwambia, nyumba yoyote niliyokaa nina gunia nyuma ya mlango, ndani yake sufuria, blanketi, kisu na kiberiti. Ulisikiliza, ukatengeneza chai, ukatia iliki kupita kiasi kama kawaida yenu watu wa Tanga. Hukunitania tena kuhusu masufuria, isipokuwa pale ulipoona nahitaji kucheka.

Halafu likaja daraja la kamba. Tunakimbizwa, watatu wamevuka, Mpagazi anakuja mwendo wa kobe na mzigo wake, kamba zikakatika. Hakufa. Alibaki ng'ambo, peke yake, na mchezo ukatuuliza kama tunaendelea. Nikasema tuendelee. Nikasema ni mchezo tu. Nikafunga kamusi.

Mwaka uliofuata goti likanileta huku Kasulu kwa binti yangu. Ukawa unanipigia Ijumaa baada ya swala. Siku moja ukaniambia Kibatari amefika kwenye mlango wa mwisho. Nikakwambia ufungue, uone kuna nini. Ukasema, "Mlango siufungui mpaka ufike." Nilidhani unaniita nije nitembee Kibondo. Nikaahidi baada ya mavuno. Baada ya mavuno ulikuwa umelazwa, na kabla ya mvua kwisha ulikuwa umekwenda. Ahadi hiyo nimeibeba miaka miwili.

Kwa hiyo baada ya simu ya Mwanaidi, Jumatano ile nilipanda basi. Vumbi la barabara bado ni jekundu vile vile, linaingia hadi kwenye mkate. Kwanza nikapita kwenye kaburi lako. Kuna mtu amelizungushia mawe vizuri. Nadhani ni wanafunzi. Kisha nikaenda shuleni. Mkuu mpya wa shule ni mwanamke kutoka Iringa, hanijui. Nilipomwambia nilikuwa mtunza maktaba na nimekuja kuiaga mashine, alinitazama, kisha akanipa ufunguo na kiti. "Mpaka saa kumi, Babu," akasema, "halafu nafunga."

Iliwaka, Mwalimu, kwa ule mlio wake wa kukohoa. Nikafungua mchezo. Kwenye orodha ya safari tulizohifadhi, ya mwisho uliipa jina: NASUBIRI MZEE.

Nilitegemea watu watatu mbele ya mlango. Walikuwa wanne.

Sikuelewa. Nikasogeza uso karibu na kioo. Mpagazi alikuwa pale, kwenye nyumba ya wageni iliyo mbele ya mlango, amesimama kando ya Kibatari. Nikafungua droo, daftari lako lilikuwemo, na kwenye kurasa za mwisho kuna ramani ambayo hatukuichora pamoja. Njia ya kuzunguka: kusini ya milima yote, kupitia kinamasi, kivuko, hadi ng'ambo ya lile daraja. Kwenda na kurudi. Umeandika hatua kwa penseli, na tarehe zake ni za miezi uliyokuwa unaumwa. Ulikuwa unakuja maktaba na homa yako kwenda kumchukua.

Nikafungua mfuko wa Mpagazi. Ulikuwa mwepesi, nusu. Nikadhani umetupa, na Mungu anisamehe, niliumia. Ndipo nikafungua mifuko ya wengine. Mganga amebeba masufuria mawili na birika. Mpiga upinde amebeba blanketi, mishale amebaki nayo sita. Nikafungua wa Kibatari. Sufuria kubwa. Mikate mikavu yote. Hana deraya. Hana ngao. Yule aliyetangulia vita zote alikuwa amevuka kinamasi na shati tu, ili apate nafasi ya mikate yangu.

Chini ya ramani uliandika: "Mzigo wa Mzee usipungue hata kijiko. Ngao nimeiacha kivukoni."

Nje wanafunzi walikuwa wanafagia.

Mwalimu, mfuko usio na uzito hauhitaji rafiki. Hilo ndilo ninaloweza kusema kuhusu michezo hii miwili, na ningeweza kuishia hapo. Kule kwa Mwanaidi wananiinua nikianguka, na nawashukuru. Lakini hakuna anayeweza kunipokea mzigo, maana hakuna anayejua kwamba nimebeba.

Saa ilikuwa saba na nusu. Nikatoa masufuria. Moja moja, nikayapanga mbele ya jiko la ile nyumba ya wageni, na blanketi kwenye kona, na mikate mezani. Kidole kilikuwa kizito kwenye kipanya. Mchezo wetu una uaminifu huu: ulichoweka chini kinakaa ulipokiweka. Halafu wote wanne, wepesi, tukarudi kivukoni kwa ramani yako. Ngao ilikuwa pale pale kwenye majani, na deraya juu yake. Nikamvisha Kibatari.

Saa tisa na dakika chache nikampigia Mwanaidi. Nikamweleza yote. Alilia kidogo, kisha akasema, "Fungua Baba Mkubwa, unisomee." Nikafungua mlango wako. Vita ilikuwepo, na Kibatari alitangulia kama zamani. Nyuma ya vita hapakuwa na hazina. Palikuwa na kijiji, nyumba za vidoti na watu kumi na wanne, na mchezo ukatuacha humo bila kutuambia la kufanya. Nikawasalimia wote kumi na wanne. Mwanaidi akawa anahesabu kwenye simu. Tulipomaliza, mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni akisubiri ufunguo wake, hakunihimiza.

Kompyuta iliondoka Ijumaa. Daftari ninalo.

Jambo la mwisho. Watu wanavuka tena mwaka huu, Mwalimu. Unawaona hapa Kasulu wakishushwa kwenye malori, na mikono yao mitupu naijua. Wiki iliyopita nimefungua gunia la nyuma ya mlango. Sufuria nimempa mama mmoja mwenye watoto watatu, pamoja na blanketi na kiberiti. Aliniuliza kwa Kirundi atairudisha lini. Nikamwambia hairudishwi. Kisu nimebaki nacho. Mimi bado ni mimi.

Jumamosi nitakuwa kwenye kafe. Nimejipangia kazi huko: nakaa nje ya lile lango, na nikimwona mtu amesimama hajui kama anaruhusiwa, namwambia aingie. Mwanaidi yuko salama, na nakuahidi nitatembea naye kadiri goti litakavyokubali, na hatutapita mtu bila kumsalimia.

Urakoze cane, asante sana, ndugu yangu. Ulinirudia ng'ambo. Sasa pumzika na ngao yako; mzigo nimeutua.

Wako,
Mzee Gabrieli