Ndoo Isiyopumua

Jumatano, 12 Juni

Nimepima kabla ya kwenda kazini. Ndoo ya kwanza 40. Ndoo ya pili 41. Zote zilianza 48. Sufuria moja, kimea kimoja, hamira moja. Safi.

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa stoo akinitazama. Akauliza kile kijiti cha kioo kinachoelea kinasema nini. Nikamweleza. Kinaitwa haidromita. Kwenye maji matupu kinasoma elfu moja. Sukari ya ulezi inakiinua, ndiyo hiyo arobaini na kitu juu ya elfu. Sukari ikigeuka kilevi, kinazama, namba inashuka. Akaitikia "Haya," akarudi kuota moto. Amekuja kutoka Kaoze, kwenye joto, na baridi ya Sumbawanga inamtesa. Ndoo zenyewe nimezivika mablanketi.

Tarehe 29 ukoo unamaliza msiba wa baba mkwe. Kwao pombe ya siku hiyo hupikwa na mke wa mtoto wa kwanza. Yaani mimi. Tangu niolewe wanasema Mnyakyusa anajua ndizi tu, ulezi haujui. Wataujua wao.

Mume wangu Desderi nilimuuliza kama ndoo mbili za pombe ndani ya nyumba zitamsumbua. Hajagusa tangu Pasaka ya mwaka jana, alipotapika damu. Amesema hata harufu haimwambii kitu. Ningeweza kupikia kwa jirani. Sikutaka mtu mwingine aguse vyombo vyangu.

Ijumaa, 14 Juni

Ya kwanza 31. Ya pili 37.

Nimerudia. Nimeosha silinda ya kupimia upya, kwa maji ya uvuguvugu, maana haidromita ya kwanza niliipasua kwa maji ya moto. Nimeizungusha kidogo ili mapovu yasiing'ang'anie. Nimeinama mpaka jicho likawa sawa na maji. 31 ileile.

Zimekaa bega kwa bega na zinaiva tofauti. Mtu mwingine angefurahi kwamba moja inakimbia. Mimi jambo nisilolielewa halinifurahishi.

Kazini ghalani, ninakokagua mahindi yanayoletwa kuuzwa, nimemkamata mwenye mahindi makavu juu ya gunia na yaliyolowa chini. Ameyamwagia maji yapate uzito. Akaniapia kwa Mungu. Wote huapa.

Desderi amelala mapema. Koo linamsumbua, anatafuna pipi za mnanaa siku nzima.

Jumamosi, 15 Juni

26. Ya pili 34.

Leo sikwenda kazini, nimekaa stoo kwenye kigoda nikisikiliza. Kila kifuniko kina mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa ya maji, hewa ya pombe itokee pale. Chupa ya ndoo ya pili inatoa povu, inatulia, inatoa povu. Ya kwanza kimya. Nimepaka povu la sabuni kuzunguka kifuniko nione kama hewa inavuja. Haivuji.

Pombe inayoiva inapumua. Hii haipumui, na namba inashuka.

Halafu nikachemsha mwiko, nikauzamisha kupima kimo. Kiko palepale kilipokuwa siku niliyofunika. Haiwezekani. Kila asubuhi natoa ya kupimia kwenye koki na sirudishi, najua hatari ya kurudisha. Kimo kilitakiwa kupungua.

Kuna mtu anatia maji.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe akitoka stoo na jagi tupu. Nikamuuliza anatafuta nini. Chumvi, akasema. Chumvi iko jikoni, na anajua iko jikoni.

Jumapili, 16 Juni

Nimekaa misani, sikusikia hata injili. Nilikuwa nahesabu sababu zake.

Mosi, hakunitaka. Alitaka binti wa kwao. Pili, nilimfundisha mwenyewe Jumatano kwamba maji matupu ni elfu moja. Nilimpa silaha mkononi. Tatu, maji ya bombani hayajachemshwa. Yataichachusha. Nitashuka Kaoze na uchachu mwembamba, ukoo mzima uteme mate, na yeye akae kwenye mkeka wake na nguo ya msiba, mpole.

Wakati wa kupeana amani alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Iliniudhi.

Jumanne, 18 Juni

22 dhidi ya 29. Nimenunua kufuli.

Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kitenge. Mama mkwe aliomba ufunguo mchana. Nikamwambia akihitaji kitu aseme, nitamtolea. Hakuna mkwe aliyewahi kumfungia mama stoo katika ukoo wao, hilo nalijua. Shikamoo yangu ya jioni aliiitikia kwa shida.

Desderi alisikia yote. Mkono ulimtetemeka mpaka chai ikamwagika mezani. Nadhani ni aibu, kwamba mkewe amefika huko. Baadaye alifoka kwa sababu ya soksi. Soksi! Akatoka kwenda kwa fundi pikipiki, akarudi na mnanaa wake.

Alhamisi, 20 Juni

Ya kwanza 22. Haijasogea. Kimo kimepungua kidogo, sawasawa na nilichotoa kupimia. Ya pili 26, inapumua vizuri.

Nilikuwa sahihi. Mlango umefungwa, maji yamekoma. Nimejisikia vizuri kama siku ninayomrudisha mtu getini na magunia yake.

Nikamwambia Desderi wazi: mama yako anatia maji kwenye pombe yangu. Alikaa kitandani akiangalia viatu. "Mwache mama," akasema. Basi. Hata kumtetea hakumtetea.

Ijumaa, 21 Juni

Mama mkwe anafunga mizigo. Anaondoka keshokutwa na basi la asubuhi. Sikumzuia. Nimepata nafuu, na nafuu yenyewe inanitia haya.

Jumamosi, 22 Juni

Sijui nianzie wapi.

Aliniita chumbani kwake. Alikuwa anakunja vitenge. Akaniambia niketi, nikaketi, nikiwa nimejiandaa kwa kila aina ya uongo.

"Maji nilitia mimi, mwanangu," akasema. "Pombe sikunywa mimi."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja. Mnanaa. Kulala mapema. Mkono. Soksi. Nilijua vitu vyote hivyo. Nimeviandika humu kwa mkono wangu.

Alhamisi ya wiki iliyopita aliingia stoo akamkuta mwanawe amepiga goti mbele ya koki ya ndoo ya kwanza, kikombe mdomoni. Desderi akalia, akamwomba mama asiniambie. Mama akachota maji ya bomba akajazia, na baridi yake ikaizimisha hamira. Alidhani kimo kikiwa sawa na namba ikishuka kama nilivyomweleza, sitashtuka, na yeye atapata nafasi ya kumwachisha kabla ya tarehe. Kila siku Desderi alimwahidi kuacha. Kila siku mama alirudi na jagi.

"Hata baba yao nilikuwa namfanyia hivi," akasema. "Mtungi ukipungua, natia maji. Wageni wakija, hawajui."

Aliendelea kukunja. Nilikuwa nimekaa na ufunguo wangu kwenye pindo.

Nilimkuta Desderi uani, ameinama kwenye pikipiki, hatengenezi chochote. Hakuapa. Angeapa ningempiga kwa spana. Alisema kweli, na kwamba tangu niweke kufuli anapitia kwa fundi, kuna chupa kule.

Nina hasira naye. Nina hasira na mama kwa jagi lake. Lakini mimi! Kazi yangu ni kumjua mtu aliyetia maji. Kila asubuhi nilipiga magoti mbele ya ndoo mpaka jicho likawa sawa na maji. Mume nilimpita kitandani.

Ndoo ya kwanza tumeimwaga kwenye shimo la taka, sote watatu tukiwa tumesimama. Desderi aliiinua mwenyewe. Aligeuza uso pembeni ilipokuwa inamwagika.

Jumapili, 23 Juni

Mama ameondoka na ndoo ya pili, mpira umefungwa vizuri, kaipakata ndani ya basi kama mtoto. Nimemwomba akae nayo huko mpaka siku yenyewe. Kufuli sikumpa. Nilimwomba radhi pale stendi, watu wakipita na mizigo. Akasema, "Yaishe," akanirekebishia mtandio.

Jumatano, 26 Juni

Mimi na Desderi tumekwenda hospitali. Amemwambia daktari kila kitu, bila kupunguza. Amepewa dawa. Usiku hapati usingizi, anatokwa jasho katika baridi hii.

Kinachomtisha sasa ni Jumamosi. Kwao mtoto wa kwanza anaonja kwanza, mbele ya wote, kuonyesha pombe ni safi. Asipoonja, watasema mkewe katia kitu. Ugenini kwangu, na Sumbawanga yetu hii ilivyo na sifa zake za uchawi, neno hilo halitafutika. Akionja, tunarudi kwenye damu.

Nikamwambia nitampikia togwa isiyo na kilevi pembeni, rangi ni ileile, hakuna atakayejua.

"Hapana," akasema. "Maji yametosha."

Namwamini? Nimenusa kikombe chake alipotoka chumbani. Kilikuwa na uji.

Jumamosi, 29 Juni. Kaoze

Joto. Tuliposhuka huku nilivua sweta njiani. Pombe imependa joto kuliko sisi, imemaliza kuiva: 10, imetulia, povu hakuna. Nilipima nyuma ya jiko, watoto wa ukoo wamenizunguka. Ladha nzuri. Kavu kidogo, ulezi unasikika mwishoni. Sijawahi kupika nzuri hivi, na sikuwa na moyo wa kujisifu.

Baada ya sala baba mkubwa, kaka wa marehemu, alichota kata ya kwanza akaita jina la Desderi.

Desderi alisimama. "Baba, mimi sinywi," akasema.

Wote waligeuka wakanitazama mimi. Siwalaumu. Ningekuwa mmoja wao, ningenitazama vilevile. Baba mkubwa alibaki na kata mkononi. Akasema mambo ya wazee hayarukwi, aguse tu kwa midomo. Desderi alikuwa anatazama kata. Jasho lilimtoka. Nilijua anaweza kunyoosha mikono aipokee. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Mama mkwe akainuka kwenye mkeka. Hakuna aliyetegemea, mfiwa hakai pale kusema. Alikwenda taratibu mpaka kwa shemeji yake, akapiga goti, akaichukua kata kwa mikono miwili.

"Mume nilimtilia maji mpaka nikamzika," akasema, na sauti yake haikupanda. "Mtoto, hapana. Naonja mimi."

Akanywa mpaka mwisho. Akapangusa mdomo, akanipa kata mimi. Nilichota, nikanywa. Kisha tukasimama wote wawili mbele yao, wazima, wakitukagua.

Baba mkubwa alitazama chini. Halafu akaomba yake. Wengine wakafuata. Bibi mmoja alisema pombe ina nguvu, kapika nani. Desderi akasema, "Mke wangu." Alikuwa ameshika kikombe cha maji ya kunywa, kakishika kwa mikono yote miwili.

Jumatano, 3 Julai

Baridi imezidi leo hapa mtaani kwetu Chanji. Ndoo zote mbili zimebaki Kaoze, ile ya kwanza tulishuka nayo tupu, mama anahifadhia mbegu za mahindi. Koki nilizifungua nikarudi nazo, nimezichemsha, nimezikausha. Mpira nimeutupa. Haidromita nimeifunga kwenye soksi na kuiweka juu ya kabati. Kufuli nimelitoa, stoo imebaki na komeo lake la zamani.

Mama amepiga simu. Ameuliza hali ya mwanawe, nikasema leo ni salama. Hakuuliza ya kesho.

Desderi amerudi kutoka kazini kabla ya jua kuzama. Hakupitia kwa fundi, au amesema hakupitia. Nilikuwa jikoni, sikugeuka. Akaweka kofia ya pikipiki chini, akaja mpaka nilipo, akainama, akanipumulia usoni. Sikuwa nimemwomba.

Chai ya tangawizi.

Nikampakulia ugali, tukala.