Sifuri za Baba

Dovre, 4 Machi

Kaka Eivind,

Hatujambo, theluji imefika dirishani. Milinganyo yangu ya panya wa mlimani na bundi wanaowala inakwenda vizuri: panya wakiongezeka, bundi huzaliana, panya wakiisha, bundi nao hupungua. Mwaka mmoja tu ulinigomea. Kwenye daftari la mitego la Baba panya ni sifuri kiangazi kizima, lakini kila kiota cha bundi kilikuwa na makinda sita. Walikula nini, mawe?

“Baba, kweli hukunasa hata mmoja?”

“Bundi wako ndio hawajui hesabu,” akanijibu, akaanza kutafuta miwani, na miwani anayo usoni.

Nikambana. “Mitego ulikwenda kuitazama?”

“Sikupanda mlimani,” akasema mwishowe. “Nilikaa mlangoni, natazama barabara.”

Ni mwaka ule mliogombana ukaondoka, naye akatuambia hata hakukumbuki.

Zile sifuri nimezifuta, nimeacha nafasi wazi, na hesabu imekubali. Kaniomba nisikuandikie haya.

Mdogo wako,
Ragnhild