Sweta Kwenye Picha ya Maktaba

Machakos, 14 Agosti 1999

Kwako Baba Ndanu,

Sisi tuko wazima, na mbaazi zimekubali. Mwezi uliopita nilimpeleka Ndanu maktaba ya mjini kurudisha kitabu, nikakuta wametundika picha za kuchorwa. Nilizipenda zote, hasa ya mwanamume aliyesinzia kitini, uso ameuinamisha. Halafu nikaona sweta yake: kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Mshono ule ni wangu. Wewe si uliniambia sweta iliibiwa huko kiwandani Athi River? Chini mchoraji ameandika jina lake, Linet.

Sasa kila Jumamosi tunaenda kukutazama, maana nyumbani huji. Leo Ndanu ameniuliza, “Mama, hiki kiti cha baba kiko nyumba gani?”

Mjibu yeye.

Mama Ndanu